Nyeusi Sahihi kwa Maboksi ya Spika za Zamani: Mwongozo Kamili kwa Mtu wa Tanga

Ingia duka la vifaa Ngamiani uombe spreyi nyeusi. Muuzaji atakuuliza, "Ya kung'aa au mati, kaka?" Kwa geti au kitanda cha chuma swali hilo linatosha. Kwa boksi la spika la miaka ya 1970 au 1980 halitoshi, maana spika nyingi nyeusi za enzi hiyo hazikutoka kiwandani ziking'aa kama kioo, wala hazikuwa kavu kabisa. Zilikuwa katikati, na hapo katikati ndipo penye kazi. Boksi likipakwa nyeusi ya geti, mgeni akiketi sebuleni anaiona rangi kabla hajaiona spika.

Mwongozo huu ni wa mwenye jozi ya spika za zamani nyumbani, iwe alizirithi kwa babu aliyezisikilizia Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za hapahapa Tanga, au alizitoa kwa muuza vyombo chakavu. Uzito nimeuweka kwenye mambo mawili: kuchagua rangi, na hali ya hewa yetu ya pwani. Kupuliza kwenyewe mtu hujifunza kwa kufanya mazoezi kwenye maboksi ya karatasi.

Kwanza, je, boksi linastahili kupakwa?

Si kila boksi lililochakaa linataka rangi. Spika nyingi nzuri za zamani zilivalishwa vinia, yaani ganda jembamba, ya mti halisi. JBL L100, iliyoingia sokoni 1970, ilijulikana kwa vinia ya woluti. Nyingine zilikuwa za msaji, na mtu wa Tanga hafundishwi msaji, shamba la Longuza liko hapo Muheza. Vinia ya msaji iliyopauka hurudi kwa msasa mwepesi namba 320 na mafuta ya linsidi. Ukiipaka nyeusi umeondoa thamani yake, na kuirudisha ni kazi ya wiki nzima ya kukwangua.

Utajuaje kama ni mti au plastiki iliyochorwa mti? Tazama mistari. Ya mti haijirudii, ya plastiki inajirudia ileile ukisogea upande. Kisha chukua wembe ukwaruze kidogo nyuma ya boksi, mahali pasipoonekana. Mti hutoa unga, plastiki hutoa utepe mwembamba.

Yanayofaa kupakwa ni haya: boksi lililokuwa jeusi tangu kiwandani, boksi la vinili nyeusi iliyobanduka, ubao wa mbele unaobeba wufa (spika kubwa ya besi) na twita (ndogo ya sauti nyembamba), fremu ya grili, na maboksi ya mziki wa shughuli. Yamaha NS-10M ya 1978, ile yenye koni nyeupe, na ndugu yake mkubwa NS-1000M ya 1974 ni mifano ya spika ambazo nyeusi ni sehemu ya sura yake. Hizo ukizigusa, gusa kwa adabu.

Isome nyeusi ya zamani kabla hujaenda dukani

Usilinganishe rangi na ubavu wa boksi. Ubavu umekula jua la dirishani na moshi wa ubani kwa miaka mingi. Nyeusi ya asili iko palipofichwa: chini ya grili, nyuma ya nembo, chini ya kibao cha kuchomekea waya. Futa sehemu hiyo kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, iache ikauke, ndipo uitazame. Inatakiwa ijibu maswali matatu.

La kwanza ni mng'ao. Simama karibu na dirisha, ulaze boksi hadi mwanga ugonge uso wake kwa mshazari. Ukiona nondo za dirisha zikiwa na kingo zake wazi, hiyo ni ya kung'aa. Ukiona doa la mwanga lisilo na kingo, ni ya katikati, na makopo mengi huiandika Satin au Semi-gloss. Usipoona kitu isipokuwa weusi, ni mati. Wanaopima kwa mashine huangalia kwa pembe ya nyuzi 60, na mati huwa chini ya 10, ya katikati huangukia kati ya 20 na 40 hivi, ya kung'aa hupita 70. Mashine huihitaji, ila tarakimu hizo zinakuonyesha jinsi pengo lilivyo pana. Kati ya mati na ya kung'aa kuna nafasi ya nyeusi nyingi, na duka lenye makopo ya aina mbili tu limeziacha zote hizo.

La pili ni mwelekeo wa weusi wenyewe. Weka karatasi nyeupe pembeni ya sehemu uliyosafisha, nje, kwenye kivuli cha mchana. Nyeusi nyingine huegemea bluu kama kaniki, nyingine huegemea kahawia. Chini ya taa ya njano ya sebuleni tofauti hiyo hupotea, kwa hiyo usihukumu usiku. Kama boksi zima litapakwa upya, mwelekeo huu si hoja kubwa. Kama unapaka ubao wa mbele tu na kuacha mbavu za zamani, ndiyo hoja kuu.

La tatu ni chembe. Pitisha ukucha taratibu. Uso laini hauna sauti. Uso wenye chembe hukwaruza, na baadhi ya viwanda viliweka chembe ndogo makusudi ili kuficha kasoro za chipubodi, ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa. Ukipaka rangi laini juu ya ubao uliokuwa na chembe, kila kovu litaonekana.

Andika majibu yako matatu kwenye karatasi. Kwa mfano: katikati, kahawia kidogo, laini. Sasa unayo lugha ya kuongea na muuzaji.

Makopo yaliyopo, na lipi la kuacha

Rangi ya enameli ndiyo imejaa madukani. Ni ngumu ikishakauka vizuri, lakini inakauka polepole, na ina tabia moja ya kukariri: mkono wa pili, yaani tabaka la pili la rangi, upigwe ndani ya muda uliotajwa kwenye kopo, mara nyingi saa moja, au usubiri siku nzima au mbili. Ukipiga katikati ya hapo, mkono wa juu unaulainisha wa chini nao unakunjamana. Soma kopo lako, muda hautofautiani kwa aina tu bali hata kwa kampuni.

Rangi ya akriliki na laka hukauka haraka sana, dakika kumi hadi ishirini inagusika. Hilo ni zuri kwa vumbi, ila ndilo hilohilo linaloleta taabu kwenye unyevu, nitalieleza mbele. Usiipulize juu ya enameli ya zamani bila kujaribu kwanza. Vimiminika vyake ni vikali, vinaweza kuinyanyua rangi ya chini ikavimba yote.

Rangi ya bampa na dashibodi za gari ndiyo ninayoitafuta kwanza. Imetengenezwa kwa ajili ya plastiki nyeusi za gari, na nyingi zina mng'ao wa katikati unaokaribiana sana na ubao wa mbele wa spika za miaka ya 1980. Tena inashika kwenye plastiki kuliko enameli ya kawaida, kwa hiyo fremu ya grili inapata rangi ileile. Huipati kwa wauza rangi za nyumba, nenda kwa wauza vipuri vya magari.

Ya eksozi iache, hata kama weusi wake unakuvutia. Rangi za joto kali hukomaa zikipashwa moto, na boksi la spika huwezi kulipasha. Isipopashwa hubaki laini, kila ukishika inakuachia kidole cheusi. Ya ubao wa shule nayo iache. Ni kavu mno na inashika kila alama ya mkono.

Maboksi makubwa ya shughuli, yale yanayopanda kirikuu kila wikiendi kwenda kwenye harusi na vigodoro, yana sheria yake. Hayo hayataki uzuri wa karibu, yanataka uvumilivu. Rangi yenye chembe, ile ya kupakwa chini ya gari au kwenye bodi la pikapu, huficha mikwaruzo na haichubuki kirahisi. Ila soma kama inakauka ikawa ngumu. Zipo za lami za chini ya gari ambazo hubaki na unato, na boksi la namna hiyo litabandika vumbi lote la barabarani.

Kuna njia ya tano, nayo ni fundi rangi wa gereji mwenye kompresa. Akikuchanganyia duko (rangi ya magari) nyeusi na dawa ya kupunguza mng'ao, unaweza kupata kiwango unachotaka hasa, jambo ambalo kopo halikupi. Kwa maboksi manne na kuendelea huwa ndiyo njia nafuu. Mpelekee kipande cha mfano, usimwambie "isiwe inang'aa sana." Rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), mwachie yeye na vifaa vyake. Mvuke wake una isosianati, ambayo huumiza mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapo.

Dukani

Usiamini kifuniko. Rangi ya plastiki ya kifuniko haisemi lolote kuhusu mng'ao, na namba za rangi hazilingani kati ya kampuni na kampuni. Geuza kopo usome maandishi madogo. Angalia chini, hewa ya chumvi hula bati, na kopo lenye kutu kwenye mshono linaweza kuwa limepoteza gesi. Litikise usikie gololi. Isipocheza, rangi imeganda chini.

Sasa hesabu. Chukua boksi la urefu wa sentimita 60, upana 35 na kina 30. Pande zote sita zinakaribia mita moja ya mraba. Maboksi mawili ni mita mbili, ukiacha migongo ni kama mita moja na nusu. Kopo la mililita 400 hufunika takriban mita moja na nusu hadi mbili kwa mkono mmoja. Kwa mikono mitatu utahitaji makopo matatu, na la nne la akiba. Nunua yote siku moja, yenye namba ileile ya toleo iliyogongwa chini ya kopo. Makopo ya matoleo tofauti yanaweza kutofautiana mng'ao, na ubavu mmoja ukiisha na kopo jipya utaiona mipaka.

Lakini kabla ya kununua manne, nunua moja.

Jaribio la kipande

Hatua hii ndiyo inayotenganisha kazi ya fundi na ya kubahatisha. Tafuta kipande cha MDF (ubao laini wa unga wa mbao ulioshindiliwa) au plaiwudi, si karatasi ngumu tupu, maana karatasi inanyonya na kukudanganya kuwa rangi ni mati zaidi ya ilivyo. Kipige msasa na praima kama utakavyofanya boksi lenyewe. Kigawe sehemu tatu kwa tepu ya karatasi. Pulizia mkono mmoja kwenye ya kwanza, miwili kwenye ya pili, mitatu kwenye ya tatu. Kiache hadi kesho yake. Rangi mbichi hung'aa kuliko iliyokauka, ukihukumu jioni hiyohiyo utarudisha kopo zuri dukani.

Kesho yake kiegemeze kwenye boksi, karibu na sehemu ile uliyoisafisha. Kitazame kwa mwanga wa dirisha kwa mshazari, kisha kwa kusimama mbali kama hatua nne, kisha usiku chini ya taa yako. Weka na kitambaa cha grili pembeni, kwa sababu ndicho kitakachokaa karibu na rangi hiyo siku zote. Mara nyingi utagundua sehemu ya mikono mitatu ina mng'ao tofauti kidogo na ya mkono mmoja, na hapo unajua utapiga mikono mingapi.

Ikiwa rangi ya katikati haipatikani mjini kabisa, njia mbili zinabaki. Ya kwanza ni kupaka ya kung'aa, kuiacha ikomae, kisha kupuliza vanishi mati isiyo na rangi juu yake. Mkono mmoja mwembamba unashusha mng'ao hadi katikati. Vanishi hiyo ina unga mwepesi unaotuama chini ya kopo, kwa hiyo itikise hasa, na usiizidishe. Ikiwa nene juu ya nyeusi hugeuka kijivu. Ya pili ni kusugua rangi ya kung'aa iliyokomaa kwa msasa wa maji namba 1500 kwa mwelekeo mmoja, kisha nta. Inapendeza, ila inahitaji mkono mtulivu, na kona huwa zinachubuka.

Hewa ya Tanga

Makopo mengi huandikwa yatumike unyevu wa hewa ukiwa chini ya kiwango fulani. Wengine wanaweka mpaka kwenye asilimia 65, wengine 85. Asubuhi za Tanga huvuka mipaka yote miwili kirahisi. Rangi inayokauka haraka hupoza uso wa ubao wakati vimiminika vyake vinaruka. Uso ukipoa chini ya hewa iliyojaa unyevu, umande unatua ndani ya rangi mbichi, na nyeusi yako inapata ukungu mweupe. Laka na akriliki ndizo zinazoathirika zaidi. Enameli haipati ukungu huo kwa urahisi, ila inakaa na unato siku nyingi.

Basi panga kazi kwa majira. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua zikiwa chache, ndio wakati mzuri. Masika, Machi hadi Mei, fanya kazi za ndani: kufungua, kubandika, kupiga puti. Kwenye vuli chagua siku iliyofunguka. Kwa saa, anza saa nne asubuhi umande ukishaondoka, na uwe umemaliza kupuliza kufikia saa saba, kabla upepo wa bahari haujaleta vumbi. Jioni usipulize hata kama kuna mwanga. Unyevu unapanda jua linaposhuka, na mkono wa mwisho ndio utakaoukuta.

Anayeishi Raskazone au Sahare, karibu na maji, afute boksi kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, alikaushe, ndipo apulize. Chumvi ya hewani hutua bila kuonekana, na rangi haishiki juu yake.

Joto nalo lina upande wake. Usipulize juani. Ubao ukiwa moto, matone hukauka kabla hayajakutana na uso unakuwa wa mchanga. Kivuli chenye hewa, barazani au chini ya paa la makuti lililofunikwa turubai ili makombo yasidondoke, panatosha.

Kufungua na kuandaa

Piga picha za waya kabla ya kuzichomoa, na uweke alama chanya kwa tepu nyekundu. Toa wufa, twita na kibao cha nyuma. Spika zilaze kifudifudi juu ya taulo safi, sumaku juu, koni isiguse kitu. Kama mdomo wa sponji unaozunguka koni unabomoka ukiugusa, huo umeshaoza, usiurudishe bila kuubadilisha. Usitumie pamba ya chuma karibu na spika hata kidogo. Nyuzi zake zinafuata sumaku na zikiingia kwenye mwanya wa koili huzitoi tena.

Nembo iliyobandikwa usiichokoe kwa bisibisi. Ipashe kwa hewa ya dreya ya nywele hadi gundi ilegee, kisha pitisha mshipi wa kuvulia nyuma yake ukivuta huku na huku kama msumeno. Mshipi mwembamba unakata gundi bila kukunja bati. Mabaki ya gundi yafute kwa spiriti.

Vinili iliyobanduka itoe yote, kwa dreya ileile na kisu cha puti. Kupaka enameli juu ya vinili si wazo zuri, kwa sababu vilainishi vilivyomo ndani ya plastiki hupanda juu taratibu na kuifanya rangi inate miezi mingi. Kama vinili imeshika imara na hutaki kuitoa, tumia ile rangi ya bampa peke yake.

Osha boksi kwa maji ya sabuni kwanza, likikauka lifute kwa spiriti, ndipo upige msasa. Utaratibu huu usiugeuze. Miaka ya kung'arishwa kwa polishi za silikoni imeacha mafuta juu, na msasa ukitangulia unayasukuma ndani ya mbao. Anza namba 120 penye mikwaruzo mikubwa, kisha 180, maliza 240. Vaa barakoa, vumbi la chipubodi na rangi za kale si la kuvuta, na rangi ya zamani sana huenda ina risasi. Iliyo na mashaka isugue kwa msasa wa maji, tope lake likusanywe, lisifagiliwe uani kwenye kuku na watoto.

Kona zilizovimba kwa maji zikate hadi penye mbao ngumu, uzijaze puti ya gari. Matundu ya skrubu yaliyolegea yajaze njiti za kiberiti na gundi ya mbao. Kingo za MDF na chipubodi hunyonya rangi bila kushiba, zipake kwanza gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, au sanding sila ya mafundi samani, kisha msasa namba 320. Ukiruka hapo utamaliza kopo zima kwenye kingo na bado zitaonekana kavu kuliko uso.

Ziba mashimo ya spika kwa karatasi kutoka ndani, na uweke tepu kwenye ukingo ambapo fremu ya wufa inakaa. Rangi nene pale inazuia spika kukaa sawa, na boksi lililofungwa kama la NS-10M linategemea kutovuja hewa.

Kupuliza

Praima ya kijivu kilichokoza, mikono miwili miembamba, kisha msasa namba 400. Praima nyeupe inafaa lakini kila mchubuko wa baadaye utapiga kelele.

Kopo litikise dakika mbili kamili tangu gololi ianze kucheza, na tena kila baada ya dakika moja ya kupuliza. Kwenye rangi za mng'ao wa katikati hili si nasaha ya kawaida tu, kwa kuwa kinachoua mng'ao ni unga unaotuama. Usipotikisa, ubavu wa kwanza utang'aa na wa mwisho utakuwa mati, kutoka kopo lilelile.

Shika kopo sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ubao. Anza kubonyeza nje ya ukingo, pita moja kwa moja, achia nje ya ukingo wa pili. Kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe vumbi tu, ubao uonekane chini yake. Watu wengi hapo hukosa subira. Subiri kama kopo linavyosema, mkono wa pili uwe kamili, wa tatu upite kwa mwelekeo mwingine. Upande unaoupulizia uwe umelala kila inapowezekana, mchirizi hautokei kwenye uso uliolala.

Kopo likipoa mkononi, nguvu inashuka na matone yanakuwa makubwa. Litumbukize kwenye maji ya vuguvugu dakika chache. Maji ya moto usijaribu. Makopo haya hayatakiwi kupita nyuzi 50. Gesi yake inawaka, kwa hiyo jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani liwe mbali, na sigara iwe mbali zaidi. Barakoa iwe na vichujio vya mkaa wa kuzuia mvuke.

Ikiharibika

Ukungu mweupe: acha, usiongeze rangi. Subiri siku kavu, piga mkono mwembamba sana wa rangi ileile saa sita mchana. Mara nyingi unayeyusha ukungu wenyewe. Ukibaki, msasa namba 600 na mkono mpya.

Vishimo vya duara ni silikoni iliyobaki. Hakuna kuviziba kwa rangi zaidi. Kausha, piga msasa, futa upya, rudia.

Mchirizi uache ukauke siku mbili kabla ya kuukata kwa msasa uliozungushiwa kibao. Uso wenye mabonde kama ganda la chungwa unatokana na umbali mkubwa au joto. Namba 600 na mkono wa mwisho wa karibu kidogo.

Kurudisha

Rangi inayogusika si rangi iliyokomaa. Kwa hewa yetu ipe enameli wiki nzima, laka siku mbili tatu, kabla ya kufunga spika. Pima kwa kubonyeza ukucha nyuma ya boksi. Ukiacha alama, bado. Tepu itoe ikiwa rangi haijawa ngumu kabisa, ukiivuta kwa mshazari, ili ukingo usichanike.

Funga skrubu kwa mkono, si kwa drili, ukikaza zinazotazamana kwa zamu. Fuata picha zako za waya, chanya kwa chanya. Ukiunganisha spika moja kinyume, besi itapungua na utadhani umeharibu kitu. Boksi lisikae moja kwa moja juu ya meza iliyopakwa vanishi, wala spika moja juu ya nyingine, kwa mwezi wa kwanza. Weka vipande vya filti chini, si mpira, maana mpira mweusi hugandana na rangi mpya. Kopo lililobaki ligeuze kichwa chini ubonyeze hadi itoke gesi tupu, ufute kichwa chake, na uandike juu yake kwa kalamu nzito: spika za sebuleni, mikono mitatu. Kipande cha jaribio kibandike ndani ya boksi, nyuma ya kibao cha waya, kabla hujafunga skrubu ya mwisho.